Tupeane uzoefu: wewe na mwenzako wa kuchana mistari, mliishia wapi?

Mtoa mada
Wakuu, heri ya Jumapili. Jana kwenye daladala ya Gongo la Mboto dereva kaweka "Habari Ndiyo Hiyo" ya marapa wetu AY na MwanaFA, abiria wazima na mvi zao wanaitikia. Nikaanza kuhesabu miaka. Albamu yao ya pamoja ilitoka 2008, na hata hapo kila mmoja alikuwa na jina lake mjini tayari: AY katokea kundi la S.O.G., FA kashuka kutoka Tanga na *Mwanafalsafani* yake ya 2002.

Hawa hawajawahi kuwa kundi, na mimi naona siri iko hapo. Kila mtu ana shamba lake, wakijisikia wanalima pamoja: "Usije Mjini", "Dakika Moja", "Bila Kukunja Goti" na J. Martins wa Nigeria. Kisha kila mtu anarudi kwake bila kununiana.

Na ile kesi mnaikumbuka? Nyimbo zao mbili zilitumika kama miito ya simu bila ridhaa yao, wakaenda mahakamani bega kwa bega. 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2. Kampuni ya simu ikakata rufaa, na mambo ya rufaa mimi si mwanasheria. Ila majina mawili kwenye hati moja, na fedha za namna hiyo katikati! Wengine tuligombana kwa nauli.

Leteni zenu. Yangu nitaileta nikishapata ujasiri.

Kaseti ya Kirumba
Mkuu umegusa penyewe. Mimi na mchizi wangu tulianza Mwanza tukiwa na biti tatu tu, zote za kuazima. Shoo yetu ya kwanza ya kulipwa promota alitupa elfu themanini, akamkabidhi mwenzangu kwa sababu mimi nilikuwa chooni. Kutoka chooni hadi nje ya ukumbi, ile pesa ilishakuwa sitini. Anasema kanunua maji na kamlipa fundi mitambo. Maji gani ya elfu ishirini?

Tulinuniana wiki mbili. Mama yake ndiye aliyetuita, akatuwekea ugali na sato, akasema hakuna kunawa mpaka hesabu iishe. Tukahesabu mpaka sarafu, ugali unapoa. Tangu siku hiyo pesa yetu huwekwa mezani wote tukiwepo. Muziki tuliacha zamani, sasa tuna duka la spea za pikipiki, na bado jioni tunahesabu wote wawili. Wateja wanadhani hatuaminiani.

Ngosha Mpole
Wangu aliondoka na biti, akaondoka na mchumba. Sina uzoefu wa kutoa, nasoma tu.

Binti wa Chumbageni
Huku Tanga FA ni Binamu, na siku ile 2020 aliposhinda ubunge wa Muheza shoga yangu aliuliza swali nalicheka hadi leo: sasa AY atamwita Binamu au Mheshimiwa? 2023 akawa naibu waziri wa utamaduni, sanaa na michezo, swali likazidi uzito.

Sisi tulikuwa wasichana wawili tunaochana, jambo ambalo mtaani lilikuwa kama kuvaa suruali msikitini. Nilipoolewa nikashuka jukwaani. Sikulazimishwa, nilichoka. Mwenzangu aliendelea. Watu wakategemea tutachukiana, maana yeye anapigwa picha na mimi nakaanga vitumbua. Hawajui kwamba nusu ya mistari yake naandika mimi, saa kumi alfajiri, unga ukiwa unaumuka. Akikwama kwenye vina ananipigia, "Da' mkubwa, nipe neno linaloishia na -nge." Na akilipwa, changu kinaingia kwenye simu kabla sijauliza.

Mse wa Dandora
Wadau wa Bongo, mimi nawapinga kidogo na hiyo stori ya kila mtu na shamba lake. Huku Dandora, Nairobi, tulikua tukiwasikiza Kalamashaka, hao walikuwa kundi la watatu, na kundi ni familia. Beshte yangu yuko Doha, analinda mlango wa jengo usiku. Saa tisa usiku ananitumia vesi kwa sauti ya chini ndio msimamizi asimsikie, nami naijibu nikiwa kwa matatu asubuhi. Miaka minne hivyo. Hatujatoa ngoma hata moja. Shamba letu ni moja, mvua ndiyo hakuna.

Mtoa mada
Haya, zamu yangu.

2005, Mbagala, kidato cha pili. Kaunta buku moja, yeye anaandika kuanzia mbele, mimi kuanzia nyuma, tukikutana katikati tunajua wimbo umeiva. Tulichanga miezi mitano tukaingia studio Sinza. Prodyuza akasikiliza, akasema vesi yangu inapunguza kasi ya wimbo, iondoke. Nikamtazama mwenzangu. Akatazama chini, akafunga kamba za kiatu kilichokuwa kimefungwa tayari.

Wimbo ukapigwa redioni mara moja, usiku, jina lake peke yake. Nilimpita barabarani miaka kumi na nne bila salamu.

2019 mama yake akafariki. Nilienda kwa ajili ya mama, yule alinilisha. Usiku wa matanga akaja kukaa kwenye mkeka wangu, hakusema pole wala samahani. Akaanza kuichana ile vesi yangu iliyoondolewa, kwa sauti ya chini, mstari kwa mstari. Wa tano ukampotea. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshausahau. Tulikaa pale mpaka adhana ya alfajiri tunautafuta.