Madalali na kampuni za viwanja Dodoma, hizo bei mnazotutabiria mnazitoa wapi?

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Mwaka 2021 nilinunua kiwanja Nala, mita za mraba 600, milioni 4.2 kwa awamu. Kampuni iliyoniuzia ilitupakia kwenye Coaster mpaka saiti. Kijana wao akasimama juu ya bikoni, akatuhakikishia kwamba barabara ya mzunguko wa nje ikianza kujengwa, bei itakuwa mara mbili ndani ya miaka miwili. Barabara yenyewe ni ya kweli, kilomita 112.3, inapita huko. Nikaamini. Awamu ya mwisho niliuza pikipiki.

Mwaka jana mama akaugua, nikataka kukiuza. Dalali akaniambia niweke milioni 9, "ndiyo bei ya huko". Simu haikuita. Nikashuka 7, nikashuka 5. Miezi minane! Mteja mmoja tu ndiye aliyefika mpaka kiwanjani, akatoa 3.5, na dalali anataka asilimia 10 yake humo humo. Nikawapigia kampuni: basi kichukueni kwa bei ileile niliyowalipa. Wakajibu hawanunui, ila wana viwanja vipya jirani na changu kwa milioni 8, niwahi kabla havijapanda.

Kwa hiyo milioni 8 ni ya kununulia kwao. Ya kuuzia mimi haipo.

Na kila tukio wanalipandishia bei. Julai 2016 serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, walipandisha. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji, wakapandisha. Agosti 2024 treni ya SGR ikazinduliwa, tena. Hayo yote yametokea kweli, sikatai. Lakini mtumishi aliyehamishwa hatafuti pori, anatafuta nyumba yenye maji, umeme na daladala ya kumfikisha Mtumba, kwenye mji wa serikali, asubuhi. Ndiyo maana Kisasa na Ilazo kunagombaniwa. Kitalu chetu hakina bomba wala nguzo ya umeme, na katika majirani zangu wote hakuna aliyechimba hata msingi. Sote tulinunua tukimsubiri mtu wa kutununulia!

Linaloniuma zaidi ni kwamba bei za kweli zingeweza kujulikana. Ukihamisha hati, mthamini anapita, unalipa kodi ya asilimia 10 ya faida, unalipa ushuru wa stempu. Kila mauzo ya namna hiyo yanaacha karatasi. Kwa nini mwananchi asipate wastani wa kata yake, hata mara moja kwa mwaka? Kenya chama cha mabenki kimekuwa kikitoa faharisi ya bei za nyumba, yaani kipimo cha zinavyopanda na kushuka, tangu 2015. Sisi tunategemea mdomo wa anayeuza. Na wanaoandika bei ndogo kwenye mkataba ili kukwepa kodi nao nawalaumu, maana wanaharibu hata hizo karatasi.

Ombi langu: kama umeuza kiwanja Nala, Ihumwa, Nzuguni au Mkonze tangu 2023, andika ukubwa, mwaka, kama kina hati, na pesa uliyopokea mkononi. Bei ya tangazo usiiandike. Naanza mimi: Nala, 600, hati ipo, ofa ya juu 3.5, sijauza.