Naomba ushauri: changu wanatoweka majanini Mikindani wakati wa kaskazi

Mwanapwani wa Mikindani
Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Ninavua kwa mshipi kwenye majani ya bahari ndani ya ghuba ya Mikindani, kwa mtumbwi mdogo na chambo cha kamba. Wakati wa kusi samaki aina ya changu na chaa hupatikana vizuri hata saa sita mchana, lakini tangu kaskazi iingie, hususan Januari hii ya jua kali, maji ya bamvua yanaporudi mchana hakuna kinachogusa ndoana isipokuwa vidagaa vinavyodonoa chambo pembeni. Ukitia mkono ufuoni, maji ni vuguvugu kama ya kuogea. Je, ni joto linalowafukuza? Kama ndivyo, nivue wapi na saa ngapi?

Mzee wa Chubwi
Joto lina sehemu kubwa, mwanangu, ila litazame pamoja na saa za maji. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kwa hiyo mchanga na majani hubaki wazi wakati jua linapanda, na vidimbwi vinavyosalia huweza kupita nyuzi 35 za Selsiasi. Maji yanayorudi adhuhuri hupita juu ya mchanga huo uliochomwa na jua na kubeba joto lake hadi ufuoni, nao changu hungoja ukingoni mwa mkondo mpaka kina kiongezeke. Anayetupa mshipi majanini saa saba mchana amewatangulia samaki. Mimi ningeingia saa kumi alfajiri, maji yakiwa yamejaa na joto la jana limepoa, nikatia nanga pale majani yanapokutana na mkondo, kisha nikavua maji yakitoka, kwa kuwa samaki wote waliokuwa juu ya fungu la mchanga hulazimika kushukia hapo.

Binti Sudi
Shikamoo mzee wangu. Nakubaliana nawe kuhusu bamvua, lakini ningeomba ushauri wa alfajiri usichukuliwe kuwa wa siku zote, kwa sababu ya hewa ya majini. Maji ya bahari yenye nyuzi 25, ambayo ndiyo hali ya kusi kwa kukaribia, hubeba takriban miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba takriban 6.2. Upungufu huo unaonekana mdogo, lakini mwili wa samaki hufuata joto la maji, hivyo anahitaji hewa zaidi wakati uleule inapopungua. Tena majani ya bahari hutoa oksijeni mchana na kuitumia usiku. Siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, kupwa huangukia karibu saa kumi alfajiri, maji ya ndani ya ghuba hayabadiliki sana, na majanini hewa huwa haba kuliko wakati mwingine wowote. Siku hizo afadhali usogee mlangoni mwa ghuba, yanakoingia maji ya nje, uvue kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi yakijaa.

Mzee wa Chubwi
Marahaba, binti yangu. Umesema kweli, na mlangoni huko hata kolekole hupita wakifuata vidagaa.

Mwanapwani wa Mikindani
Nawashukuru sana. Je, kipimajoto kitanisaidia, au mkono unatosha?

Binti Sudi
Kitakusaidia, kaka, ila kifunge karibu na chubwi, yaani risasi ya kuzamishia mshipi, na ukiache chini kwa dakika chache, kisha ukivute upesi na kukisoma hapohapo, kwa maana changu hula chini na maji ya juu hudanganya. Mvua kubwa ikinyesha, maji yasiyo na chumvi huelea juu yakiwa ya baridi, huku ya chini bado yana joto. Pima majanini, kisha pima mkondoni, na tofauti ya nyuzi mbili au tatu itakuonyesha pa kutia nanga. Na kwa hisani yako, changu mchanga unayemrudisha usimchoshe kwa kumvuta muda mrefu. Katika maji ya joto huchelewa kupata nguvu, na wengi hufa baada ya kuachiwa. Mtoe ndoana akiwa bado majini, ubavuni mwa mtumbwi.