Naomba ushauri: kuhamisha data kutoka Elasticsearch kwenda Cassandra

Habari zenu wakuu. Nina faharasa ya Elasticsearch 7.10 (injini ya utafutaji) yenye dokumenti milioni 80 za miamala. Haipokei tena data mpya, na yote inatakiwa iingie kwenye Cassandra (hifadhidata iliyosambazwa) ya nodi (seva) 3, kila data ikiwa na nakala 3.

Kusoma kwa from na size (kurasa kwa kurasa) kuligota kwenye 10,000 (kikomo cha kawaida), nikahamia scroll (usomaji wa mfululizo ambao seva huukumbuka kwa muda uliowekwa): dokumenti 1,000 kila safari, muda dakika 5. Kusoma hakuna tabu.

Tabu ni kuandika. Bachi (mafungu ya maandishi yanayotumwa pamoja) za mistari 100 zilivuka KB 50 zikakataliwa, na kweli bachi ya partisheni (sehemu za data) tofauti humwelemea mratibu (nodi inayopokea ombi) bure. Sasa natuma insert moja moja, 128 zikiwa njiani kwa wakati mmoja. Zinakwenda vizuri mpaka kompaksheni (Cassandra kuunganisha faili zake za data) ipambe moto, ndipo zinapita kikomo cha sekunde 2. Nikisubiri nodi zipumue, scroll inakufa na naanza upya. Ufunguo ni ((mteja, mwezi), muda, namba_muamala), hivyo kurudia hakuzalishi mistari pacha, ila saa zinaliwa.

Maswali yangu:

Nishushe hiyo 128, au niandike SSTable (faili za data za Cassandra) nje kwa CQLSSTableWriter kisha nipakie kwa sstableloader? Diski ni SSD.

Pili, nikiacha scroll nikatumia search_after (kuendelea kusoma baada ya thamani za mwisho), nikipanga kwa muda na namba_muamala na kuhifadhi thamani za mwisho kwenye faili, nitaendelea salama ilipokatikia bila kufungua PIT (point in time, picha ya faharasa ya wakati mmoja)?