Mrejesho: nahau za Kiingereza zilizonitoa jasho

Wakuu, nilikuja hapa kuomba ushauri wa namna ya kujifunza nahau za Kiingereza baada ya mgeni kwenye gesti ninayofanyia kazi, Mikindani, kuniambia yuko "under the weather". Nikamwashia feni nikidhani joto limemzidi, kumbe mama wa watu anaumwa. Iliniuma sana.

Asanteni mno kwa ushauri wenu. Nimeacha kutafsiri neno kwa neno. Daftarini kila nahau naiandika pamoja na ya Kiswahili inayolingana nayo. "Spill the beans" nimeiwekea kutoboa siri, haijanitoka tena. Jana nimeambiwa "the ball is in your court", nikajua papo hapo kwamba uamuzi ni wangu.

Kukariri kumi kwa siku kumenishinda, zilichanganyikana zote. Sasa nashika mbili tu, na zinakaa.