Stesheni wagon ya turbo kwa familia ya Tabora na Kigoma: tununue au tuachane nayo?

Mwanzisha mada, Ipuli – Tabora

Habari zenu wakuu. Naleta mada tuijadili kwa vitu vinavyopimika. Nazungumzia stesheni wagon za petroli zenye mbio, zilizotumika Japani: Subaru Legacy 2.0 GT ya 2003 hadi 2009, Toyota Caldina GT-Four ya 2002 hadi 2007, na Subaru Levorg iliyoanza kuuzwa kule mwaka 2014. Msimamo wangu: mwenye watoto watatu na safari za mara kwa mara anunue, asitishwe.

Sababu ya kwanza ni barabara. Leo unatoka Tabora kwenda Nzega, Urambo, Sikonge mpaka Mpanda, au Itigi mpaka Manyoni, unakanyaga lami. Sababu ya pili ni kupita malori. Lori linatembea 70, na ili ulipite salama unahitaji kulizidi kama mita 60, yaani urefu wake na nafasi ya mbele na nyuma. Gari lenye nguvu likiwa na wastani wa 95 linamaliza kazi kwa sekunde 9 na mita 230 hivi. Gari la sisi 1500 lililojaa watu na mizigo, likiwa na wastani wa 82, linakaa upande wa wenzake sekunde 18 na kula zaidi ya mita 400. Kwangu hizo sekunde 9 za ziada ndizo zinazoua familia, na ndiyo maana nguvu za farasi 260 sizioni kama anasa.

Anayepinga asiseme tu "Subaru zinakufa". Aseme inakufa nini, na kwa nini.

Fundi, Mwanga – Kigoma

Ndugu yangu, swali zuri, na jibu lipo.

Injini ya Legacy GT ni EJ20 ya turbo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi. Ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande. Inauawa na mambo matatu.

La kwanza ni oili kutofika. Kwenye bomba dogo linalopeleka oili kwenye turbo, nyuma ya silinda hedi ya kulia, kuna boliti yenye tundu katikati, na ndani yake kuna kichujio cha wavu kidogo kuliko kifuniko cha kalamu. Oili ikikaa kilomita 10,000 inageuka tope, tope linaziba ule wavu, turbo inazunguka kavu. Vyuma vya turbo vikisagika vinarudi na oili mpaka kwenye beringi za krenki, na hapo ndipo unasikia injini inagonga. Mwenye gari anaambiwa turbo imekufa, anafunga turbo nyingine, haifiki mbali nayo inakufa kwa sababu wavu haukuguswa. Yeyote atakayebadilisha turbo ya gari hili bila kufungua boliti ile amefanya nusu ya kazi.

La pili ni petroli. Fungua kifuniko cha tangi usome stika. Kama imeandikwa "haioku", yaani petroli ya daraja la juu ya Japani, injini ilitengenezewa oktani (kipimo cha petroli kuhimili kulipuka mapema) 96 kwenda juu. Petroli yao ya kawaida inaanzia 89. Ukiipa petroli dhaifu huku turbo inasukuma, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake. Kompyuta ya gari inajitahidi kuchelewesha moto wa plagi, lakini ukipanda mlima umejaza watu na joto ni kali, haimudu kila mara. Kinachovunjika ni zile kingo nyembamba za pistoni zinazoshika ringi. Mara nyingi silinda namba 4 hutangulia. Utaona moshi wa bluu, gari linamisi likiwa sailensa (linaunguruma bila kukanyagwa), na oili inapungua bila kuvuja popote.

La tatu ni mkanda wa taimingi. Muda wake ni kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni zinapiga valvu na zinapinda. Na usibadilishe mkanda peke yake: weka tenshena, puli zote na pampu ya maji siku hiyohiyo, kwa sababu puli moja ikikwama inauchukua mkanda mpya.

Kwa hiyo siwakatazi watu. Nawakataza kununua gari ambalo hawajui lilinyweshwa oili gani.

Hesabu Kwanza, Kigoma Mjini

Naomba tuweke na pesa mezani, maana mapenzi ya gari huja kabla ya hesabu.

Ukiagiza mwenyewe Legacy ya 2005, umri wake umepita miaka 10. Chukua thamani ya gari mpaka bandarini iwe 100. Ushuru wa forodha asilimia 25, unafika 125. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya sisi 1001 hadi 2000 ni asilimia 5, na uchakavu wa zaidi ya miaka 10 ni asilimia 30. Jumla 35 juu ya 125, unafika 168.75. VAT asilimia 18, unafika 199. Yaani gari limejizaa mara mbili kabla ya tozo ndogondogo, usajili na safari ya kutoka Dar. Ukichukua injini ya 2.5, ushuru wa bidhaa unakuwa asilimia 10 na jumla inafika 206 na ushee. Na hiyo thamani ya kuanzia ni ile ya mfumo wa TRA. Risiti ya muuzaji wako haiamui.

Mafuta nayo: familia inayotembea kilomita 1,200 kwa mwezi, Legacy GT ikienda kilomita 8.5 kwa lita, inakunywa lita 141. Toyota Fielder ya 1.5 ikienda 13, inakunywa lita 92. Tofauti lita 49 kila mwezi. Zidisha kwa bei elekezi ya EWURA ya mwezi huu ya mkoa wako, halafu zidisha kwa 12. Atakayeona namba hiyo bado ni nyepesi, anunue kwa amani.

Mama wa watoto watatu, Kasulu

Shikamooni wakubwa. Mimi nauliza kuhusu mzigo, maana wanaume mnaongelea injini tu.

Legacy ya kawaida ina nafasi ya milimita 150 kutoka chini. Hiyo ni ikiwa tupu. Na Wajapani kwenye karatasi za gari huhesabu mtu mmoja kilo 55, kwa hiyo gari la watu watano limepigiwa hesabu ya kilo 275. Weka baba na mama wa kilo 75 kila mmoja, watoto watatu wa kilo 30, umefika 240. Zinabaki 35. Dumu moja la lita 20 la asali ya Tabora linakaribia kilo 28. La mawese ni kilo 18. Nani kati yetu anarudi na dumu moja? Gunia likiingia kwenye buti, makalio ya gari yanashuka, na bomba la moshi linakuwa jirani na jiwe. Ukiacha lami kwenda vijijini Buhigwe au Uvinza wakati wa masika, tuta la katikati ya njia linapiga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Kwa nini tusiseme Subaru Outback? Ni bodi ileile, buti lilelile, lakini ina milimita 200.

Mwanzisha mada

Marahaba dada. Hoja ya Outback naipokea, ila wasomaji wajue: Outback ya kizazi kile kwa soko la Japani ina injini ya 2.5 au 3.0 isiyo na turbo, kwa hiyo inaangukia kwenye ule ushuru wa asilimia 10. Ile 3.0 ya silinda sita inatumia cheni badala ya mkanda, jambo zuri, lakini kwa mafuta haina huruma.

Kuhusu mzigo umenifunga mdomo. Ila gari la kawaida la watu watano nalo limepigiwa hesabu hiyohiyo ya kilo 55, hata Fielder. Kosa hilo tusiisukumie turbo.

Mama wa watoto watatu, Kasulu

Ni kweli, kaka. Lakini Fielder ikipasuka shokapu unaweka ya kawaida. Baadhi ya GT zina shokapu za Bilstein. Muulize fundi bei ya nne.

Dereva, Urambo

Mimi naona mnabishana juu ya gari lisilo sahihi. Levorg ya 1.6 inamaliza ubishi: turbo ipo, nguvu za farasi 170, imetengenezewa petroli ya kawaida ya Japani, inatumia cheni, na ushuru wake ni wa sisi chini ya 2000. Namba ya chesisi inaanza na VM4. Ile ya 2.0 inaanza na VMG, ina farasi 300 na inataka haioku. Usikubali kuuziwa moja kwa jina la nyingine.

Fundi, Mwanga – Kigoma

Dereva umesema vema, ila malizia upande wa pili. Levorg iko chini zaidi ya Legacy, haifiki milimita 140. Inapulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo valvu za kuingiza hewa hazioshwi na mafuta na zinajenga masizi. Nozeli zake hazisamehe petroli yenye maji au uchafu, basi yale ya kununua kwenye chupa kando ya njia sahau. Giaboksi ni CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua. Oili yake ni maalumu ya Subaru, na kipimo chake husomwa oili ikiwa na joto la nyuzi 35 hadi 45 huku injini inaunguruma. Fundi anayemimina haidroliki yoyote kwa kukisia anakuulia giaboksi. Nashauri ibadilishwe kila kilomita 60,000, hata kama muuzaji anasema ni ya maisha.

Tahadhari nyingine ni ya Caldina. Watu wanauziwa Caldina ya D-4, isiyo na turbo, wakidhani ni GT-Four. Soma chesisi: ST246W ndiyo ya turbo, injini 3S-GTE. Ikianza na AZT ni D-4 ya 2.0, ikianza na ZZT ni ya 1.8. GT-Four ni injini ngumu, mkanda wake nao ni kilomita 100,000, na giaboksi ni ya gia nne tu, imara. Kati ya hizi zote mimi ningeitanguliza hiyo, kasoro kupata iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani.

Ukiona gari lolote la aina hii limefungwa filta ya hewa ya wazi, bomba kubwa linalolia, au kompyuta iliyochezewa ili turbo isukume zaidi, ondoka. Vumbi letu la kiangazi kupitia filta ya wazi linasaga mapanga ya turbo kama msasa.

Hesabu Kwanza

Fundi, tupe basi utaratibu wa kukagua. Mtu yuko mbele ya gari, ana saa moja.

Fundi, Mwanga – Kigoma

Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiliwashe. Weka kiganja kwenye boneti. Kama ni la moto, limepashwa ili kuficha kitu, rudi siku nyingine.

Likiwa baridi, chomoa kijiti cha oili. Kwenye injini zilizolala oili hurudi chini polepole, hivyo kipimo cha kweli ni cha asubuhi. Ikiwa chini ya alama, muuzaji ndivyo anavyolitunza. Fungua rejeta: maji yawe safi, yasiwe na mafuta juu. Washa, sikiliza dakika mbili. Mlio wa kugonga mwepesi unaopotea injini ikipata joto ni wa pistoni, nyingi zinao. Unaoongezeka ukikanyaga ni beringi, usiendelee.

Acha lipate joto mpaka feni iwake mara mbili, huku unatazama tangi la akiba la maji. Mapovu yasiyokoma ni gasketi. Kisha endesha, peleka kwenye uwanja mkavu mgumu, kata usukani mpaka mwisho na utembee taratibu duara zima. Likikwamakwama kama limeshikwa breki, klachi ya kugawa nguvu mbele na nyuma imekwisha.

Mwisho lipia upimaji wa kompreshani, yaani mgandamizo wa kila silinda. Namba moja moja zisikusumbue sana, tazama tofauti: silinda dhaifu isipitwe na nzima kwa zaidi ya asilimia 15. Plagi za injini hii ziko ubavuni, kazi inachukua muda, na muuzaji atalalamika. Asipokubali, umeshapata jibu.

Makaratasi: kadi ilingane na chesisi, deni la faini uliangalie kwenye mfumo wa trafiki kwa namba ya gari. Kwa linaloagizwa, omba karatasi ya mnada. Alama R au RA maana yake lilipata ajali likatengenezwa.

Ukishalinunua, siku ya kwanza mwaga oili, weka sintetiki 5W-30 au 5W-40, kama lita 4.5 na filta yake, fungua ile boliti usafishe au ubadilishe. Baada ya hapo kila kilomita 5,000. Na ukipanda kutoka bandarini mpaka Mwanga umejaza, usizime ghafla, liache sailensa dakika moja.

Mama wa watoto watatu, Kasulu

Na tairi? Zile za GT ni nyembamba kama chapati.

Fundi, Mwanga – Kigoma

Mama, hapo umegusa penyewe. Za GT ni 215/45R17, ubavu wake ni milimita 97. Ukishuka rimu ya 16 na tairi 205/55, ubavu unakuwa 113 na kimo cha jumla kinaongezeka milimita 7 tu. Rimu za Legacy hiyo ni boliti 5 kwa 100, za Toyota nyingi za 114.3 hazikai. Ijaribu kwanza mbele, kalipa za breki za GT ni kubwa na rimu nyingine zinagusa. Ukinunua, nunua nne za aina moja kwa pamoja. Mzingo wa tairi zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 6 hivi, ile klachi ya kugawa nguvu inafanya kazi muda wote hata kwenye lami iliyonyooka, mpaka inaungua.

Mwanzisha mada

Nimesoma yote. Nabaki na msimamo wangu kwa anayeishi kwenye lami, na kwa sharti la kompreshani. Kwa wa Kasulu na Buhigwe nakubaliana na dada: Outback. Fundi, ile boliti ya wavu inapatikana Kigoma, au tuagize pamoja na mkanda?

Fundi, Mwanga – Kigoma

Agiza pamoja na mkanda, na uagize na washa zake za kuzibia, za shaba, mpya. Za zamani zikirudishwa zinavuja juu ya ekzosi ya moto.