Promota kawalipa wadogo zangu watatu kwa bahasha moja: "Si ninyi ni nyumba moja?"

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Anayetaka maneno ya upole apite uzi mwingine.

Jumamosi iliyopita wadogo zangu watatu walipanda ulingoni usiku mmoja, hapa hapa mjini. Wa kiume kilo 75, wa kiume kilo 63, na dada yetu kilo 54. Mapambano matatu. Makubaliano na mwandaaji yalikuwa dola 80 kwa kila mmoja, na yalifanyika mbele ya baba yetu, wakapeana mikono. Saa sita na nusu usiku, watu wameshatoka, viti vinakusanywa, mwandaaji akaniita nyuma ya ulingo akanikabidhi bahasha. Moja. Nikaifungua pale pale. Dola 100.

Nikamuuliza: "Mukubwa, hii ni ya nani kati yao?"

Hata macho hakuyainua kwenye simu yake. "Yenu wote. Si ninyi ni nyumba moja? Mtagawana."

Siku nne sasa neno hilo haliniondoki. Yaani mtu amekaa chini akapiga hesabu kwamba tumbo lililowazaa likiwa moja, na malipo yawe mamoja. Wangekuwa majirani watatu wa mtaa wa Katuba angewalipa watatu.

Ila bahasha ingekuwa peke yake nisingefungua uzi. Hela huliwa mji huu kila siku na tumezoea vibaya. Kilichonileta hapa ni karatasi ya daktari.

Siku ile ile, saa tisa alasiri, watu wanapimwa uzito. Daktari aliyeletwa na mwandaaji alimfunga yule wa kilo 75 kile kitambaa cha presha mkononi, akamsikiliza kifua, akammulika macho kwa tochi ya simu. Vizuri. Wa kilo 63 alikuwa nyuma yake, shati ameshavua, anangoja zamu. Mwandaaji akaegemea meza akasema: "Daktari, hao ni ndugu wa huyu, damu moja, andika tu, watu wanangoja." Na daktari akaandika! Mimi nilikuwa nimesimama pale. Kwenye mstari wa kwanza presha 12/8 (yaani 120/80), hali nzuri. Mstari wa pili na wa tatu akaweka zile alama mbili ndogo za kuonyesha "kama hapo juu." Presha ya kaka ikawa ya mdogo wake, ikawa ya dada yake ambaye wakati huo alikuwa bado yuko kwenye basi anakuja.

Sasa sikilizeni. Huyu wa kilo 63 alikuwa ameangushwa Likasi wiki tatu kabla. Ngumi ya kulia chini ya sikio, akahesabiwa mpaka kumi. Tangu hapo akiamka asubuhi anashika kichwa. Daktari angemuuliza swali moja tu, "Umepigwa KO, yaani kuangushwa usiinuke, lini mara ya mwisho?", mambo yangeishia pale. Hata sheria za ngumi za ridhaa zinataka aliyeangushwa kwa pigo la kichwa asipigane wala asigusane ngumi mazoezini kwa siku 30 angalau, na sababu yake inajulikana: ubongo uliotikiswa na ukatikiswa tena kabla haujapona unaweza kuvimba, na hapo mtu anakufa akiwa na miaka yake ishirini na kitu. Siku zake 30 zilikuwa hazijatimia.

Raundi ya tatu nilimwona. Anayemjua mtu tangu anatambaa anaona kabla ya refa. Mkono wa kushoto ukaanza kushuka, akarudi nyuma kwa mguu usio wake, akanitazama kwenye kona kama mtu anayetafuta jina langu. Nikatupa taulo ulingoni, pambano lisimame. Baadhi ya watu wakazomea. Usiku saa tisa akatapika kwenye mkeka, akawa anamwita mama kwa jina la shangazi. Tukatafuta teksi, tukaenda hospitali, wakampiga picha ya kichwa. Damu haikuvuja, Mungu ni mkubwa. Miezi mitatu hakuna ngumi, hakuna hata kukimbia. Mpaka leo amelala chumba cha ndani, pazia limefungwa, mwanga unamuuma. Zile dola 100 zote ziliishia kwenye hiyo picha, na nyingine tumekopa. Hivyo ndivyo "tulivyogawana."

Na mimi nina kosa. Niliiona karatasi, nilijua habari ya Likasi, nikanyamaza kwa sababu wote walikuwa wamefanya mazoezi miezi miwili na niliogopa tutafutwa kwenye ratiba. Hilo nimemwambia baba na nimemwambia mdogo wangu mwenyewe. Sitalificha hapa.

Sasa hii habari ya "damu moja." Usiku ule mshereheshaji aliwaingiza kwa kupiga kelele: "Makabu na Bakole wa Katanga!" Ukumbi ukalipuka. Bango lenyewe liliandikwa familia, familia, familia, ndilo lililouza tiketi. Haya, tuwazungumze basi hao Makabu na Bakole, maana nadhani waliotuandalia hawajawahi kuwatazama vizuri.

Ilunga Makabu na Martin Bakole ni ndugu, Wakongomani wenzetu kutoka Kasai. Makabu alichukua mkanda wa dunia wa WBC (moja ya mashirika ya ngumi za kulipwa) wa uzito wa kruza, ule ulio chini ya uzito wa juu, tarehe 31 Januari 2020, pale pale Kinshasa, kwa kumshinda Michał Cieślak kwa pointi. Bakole ni wa uzito wa juu, kambi yake aliiweka Airdrie kule Scotland, na Agosti 2024 alimsimamisha Jared Anderson raundi ya tano huko Los Angeles, Anderson ambaye alikuwa hajawahi kupoteza. Njia mbili, makocha mbalimbali, miili mbalimbali. Februari 2025 Bakole akaitwa Riyadh dakika za mwisho kuziba nafasi ya Daniel Dubois aliyeugua. Alifika usiku wa kuamkia pambano. Joseph Parker akammaliza raundi ya pili. Niambieni, ule mkanda wa kaka yake ulimsaidia nini usiku ule? Mwili uliokuwa umechoka kwa safari ulikuwa wake peke yake. Na Makabu naye alipovuliwa mkanda na Badou Jack huko Saudi Arabia mwaka 2023, raundi ya 12, hakuna ndugu aliyempokelea hata ngumi moja.

Waliokuwa wadogo kama mimi wakati wa hadithi za baba wanajua habari za akina Spinks. Leon na Michael, mabondia wa Marekani, mama mmoja, mji mmoja wa St. Louis. Montreal 1976 wote wawili wakapata dhahabu ya Olimpiki, Leon kilo 81, Michael kilo 75. Mnaona? Hata uzito haukuwa mmoja. Leon alikuwa na mapambano saba tu ya kulipwa alipomshinda Muhammad Ali tarehe 15 Februari 1978, pambano lake la nane! Miezi saba baadaye Ali akaurudisha ubingwa. Leon akaendelea kupigana, akaendelea, mpaka miaka ya tisini, akipoteza kwa watu ambao zamani wasingemgusa, na uzeeni madaktari wakakuta ubongo wake umesinyaa. Alifariki Februari 2021. Michael je? Aliwamaliza wa kilo 79, akapanda juu akamvua Larry Holmes ubingwa mwaka 1985, akapoteza mara moja tu maishani, kwa Mike Tyson mwaka 1988, sekunde 91, akavua glovu na hakurudi. Tumbo moja, nyumba moja, dhahabu za Olimpiki moja. Mmoja alitoka salama na mwenzake hakutoka. Ukimpima presha Michael ukaandika "kama hapo juu" kwa Leon, umeua mtu.

Au akina Klitschko, Vitali na Wladimir, ndugu wawili wa Ukraine wa uzito wa juu. Walimwahidi mama yao kwamba hawatapigana wao kwa wao, na ahadi wakaitimiza. Mwaka 2003 Wladimir aliangushwa na Corrie Sanders raundi ya pili. Mwaka uliofuata kaka yake Vitali akakutana na Sanders huyo huyo, akala ngumi zake za kushoto, akasimama, akamshinda. Kidevu, yaani ule uwezo wa kustahimili ngumi, hakirithiwi kwa mafungu. Joe Frazier, bingwa wa zamani wa uzito wa juu, alikuwa chuma, lakini mwanawe Marvis alipokutana na Tyson mwaka 1986 alidumu sekunde 30. Watanzania mliomo humu mnao akina Matumla, Rashid, Mbwana, Hassan, kisha Mohamed mtoto wa Rashid. Ninyi mnaowafuatilia mnajua kila mmoja alikuwa na mtindo wake na bahati yake.

Na tukirudi hapa kwetu, Sumbu Kalambay kazaliwa Lubumbashi hii hii mwaka 1956. Akaenda Italia, mwaka 1987 akamshinda Iran Barkley mjini Livorno akawa bingwa wa dunia wa WBA (shirika jingine la ngumi) uzani wa kati, mwaka uliofuata akampa Mike McCallum kipigo chake cha kwanza. Mtoto wake Patrick? Golikipa wa mpira huko huko Italia. Damu ya bingwa wa dunia, na kijana akachagua kusimama golini.

Nataka niseme pia familia ya mabondia hutoka wapi, maana watu wanadhani ni muujiza. Baba yetu alifanya kazi reli, mshahara ulipokuwa haufiki miezi na miezi alibaki na jozi moja ya glovu. Kwenye parseli yetu, yaani kiwanja cha nyumbani, kuna mti wa avokado, akafunga gunia lililojaa vumbi la mbao na nguo kuukuu. Tuko wanne wakubwa, glovu moja ya kushoto na moja ya kulia. Mmoja anapiga dakika tatu, anavua, anampa anayefuata. Unaingiza mkono ndani unakuta jasho la ndugu yako bado la moto, kitambaa kimelowa, kidole gumba kinapita kwenye tundu lile lile. Koranti (umeme) ikikatika tunaendelea gizani, mama anawasha makala, yaani makaa, ya kupikia bukari (ugali) na ule mwanga wake ndio unaotuonyesha gunia. Hatukuwa na mtu wa kufanya naye mazoezi kwa hiyo tulipigana sisi kwa sisi. Ndiyo hiyo "damu." Ni kukosa. Leta, yaani serikali, haikutuletea chumba cha mazoezi, wala kocha, wala hata bendeji, kwa hiyo nyumba ikawa vyote hivyo. Kisha anakuja mtu na bango, anauuza umasikini wetu kama kipaji cha kuzaliwa, na kwa sababu hiyo hiyo anaona hahitaji kutulipa wala kutupima.

Ninachodai ni hiki, na nimekiandika kwenye karatasi nitakayompelekea kesho asubuhi. Dola 140 zilizobaki. Gharama ya hospitali yote, maana yeye ndiye aliyemwambia daktari aandike. Na kuanzia sasa mtoto yeyote wa nyumba hii hapandi ulingoni bila karatasi yake mwenyewe, yenye jina moja. Wenye wadogo zao kwenye ngumi hapa Lubumbashi, mitaa ya Kenya, Ruashi, Kampemba, popote, ombeni kuiona hiyo karatasi kabla ya kufunga bendeji. Mkiona zile alama mbili ndogo, vueni glovu mrudi nyumbani. Msifanye kama mimi.

NYONGEZA, Alhamisi jioni: Wanaouliza jina la mwandaaji, sitaliweka hapa, nalipeleka kunakohusika. Na aliyeandika kwamba "mabondia wa kweli hawalalamiki," kaka, njoo ukae na mdogo wangu chumbani robo saa, gizani, umwambie hivyo.

NYONGEZA YA PILI: Nilikwenda. Ofisi imefungwa. Lakini mchana amempigia mama. Hakuuliza hali ya mgonjwa. Alisema tarehe nyingine imepatikana na ana nafasi ya kilo 63 imebaki wazi, akauliza kama nyumbani kuna mwingine. Tunaye wa mwisho. Ana miaka 13.

Mama akamkatia simu. Akatoka nje, akazitoa glovu pale kwenye mti wa avokado, akazifungia ndani ya sanduku lake la vitenge. Ufunguo ameufunga kwenye pindo la kitenge alichovaa.