Je, asiyevumilia wenzake naye avumiliwe?

Mkazi wa Ujiji: Wakuu, salaam. Hapa Ujiji tunazikana bila kuulizana dini, lakini jirani yangu hutangaza hadharani kwamba Warundi waliokimbilia mkoani kwetu hawastahili hata kuuziwa dagaa. Kumvumilia mtu huyu ni uadilifu, au ni woga tu?

Mwalimu, Kasulu: Ndugu, mwanafalsafa Karl Popper aliligusa jambo hili mwaka 1945. Alionya kwamba jamii ikiwavumilia bila kikomo wasiovumilia wengine, uvumilivu wenyewe hutoweka. Hata hivyo hakutaka wanyamazishwe papo hapo, bali wajibiwe kwa hoja, na nguvu itumike pale tu wanapoukataa mjadala na kuwafundisha wafuasi wao kujibu kwa ngumi. Jirani yako bado anaongea. Mjibu.

Mama wa Mwanga: Hoja peke yake haitoshi, mwalimu. Mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza mwaka 1954 kwamba chuki hupungua watu wanapokutana wakiwa na hadhi sawa, lengo moja na ushirikiano, huku mamlaka ikiwaunga mkono. Kumnunulia mkimbizi mihogo huku ukimpunja bei si kukutana huko, ingawa wengi wetu hujisifu kwa hilo. Waliovuta wavu mmoja usiku, wakagawana samaki sawasawa alfajiri, wamekaribia zaidi.

Mkazi wa Ujiji: Shukrani, mama. Jirani ana mtumbwi, na wavuvi wake wawili wameondoka juzi.